Mume wa Illuminée Kwenye Ghuba ya Kibuye

Mwezi wa saba mwaka 1990 Illuminée Uwamahoro alishinda tombola. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kushinda kitu chochote maishani, hata kuku wa sherehe ya parokia.

Tombola yenyewe ilikuwa ya duka la vitambaa la Bizimana, pale mjini Kigali. Kila aliyenunua kitambaa cha mita tatu alipewa tikiti. Zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani mpya ya miguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni. Ya pili, ya washindi wawili, ilikuwa safari ya kulala usiku mmoja ndani ya boti, kuzunguka ghuba ya Kibuye katika Ziwa Kivu. Illuminée alikuwa fundi wa kushona mtaa wa Gitega, hapo hapo Kigali, na cherehani yake kuukuu ilikuwa ikiruka mishono kama mbuzi anayevuka mfereji. Alinunua vitambaa mpaka kabati likakataa kufunga, yote kwa ajili ya ile nyeusi yenye maua. Jina lake likatoka kwenye boti.

Alipokwenda kuchukua zawadi, karani alimtazama juu ya miwani.

"Safari hii iko ya bwana na bibi," alisema. "Patroni Bizimana hataki watu waje na watu wasiojulikana. Bwana wako anaitwa nani?"

Illuminée alikuwa mjane tangu miaka sita iliyopita. "Na kama bwana hakuna?"

"Hapo tunakupa katoni ya sabuni."

Illuminée akaitazama ile katoni. Pembe moja ilikuwa imetafunwa na panya.

"Andika Usumani," akasema. "Tumeoana juzi tu."

Alitoka dukani akaenda moja kwa moja sokoni kwa rafiki yake Pudentienne, muuza maharagwe. Pudentienne alikuwa mrefu, mabega yamejaa, nywele kazikata karibu na kichwa, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba padri alimpanga kuimba upande wa wanaume kwenye kwaya. Wanaume watatu waliwahi kumposa, na wote aliwajibu kwa sauti hiyo hiyo; hawakurudi. Wawili hao walizoea kuongea Kinyarwanda mbele ya watu wa kanisani na Kiswahili wanapopanga uchokozi. Illuminée alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili huko Bujumbura, na Kiswahili cha huko ndicho alichomfundisha mwenzake.

"Pude," alisema, "unataka kuona Kivu?"

"Nani hataki?"

"Basi utakuwa mume wangu siku mbili."

Pudentienne alicheka mpaka akamwaga kopo la maharagwe. Kisha akauliza, "Nina jina gani?"

"Usumani."

"Usumani? Ilu, mimi mtu wa pombe! Ulishindwa nini kuniita Jean-Paul?"

Jioni hiyo Illuminée alifungua sanduku la marehemu mumewe akatoa suti ya kijivu. Aliishusha mikono, akaipanua kifuani, akaibana kiunoni. Pudentienne alipoivaa na kuweka kofia, Illuminée alisimama akiitazama suti, sindano ikiwa mdomoni.

"Nifanye nini?" Pudentienne aliuliza kwa upole. "Nivue?"

"Usivue. Acha tu kusimama na mkono kiunoni. Yeye hakusimama hivyo, na hakuna mwanaume anasimama hivyo."

Jumamosi walipanda basi dogo lililokodiwa na Bizimana. Bizimana alikuwa mfupi, mnene, mcheshi wa kujichekea mwenyewe. Alikuja na mkewe Natacha, mwanamke mtulivu aliyefuma sweta njia nzima. Washindi wengine walikuwa mwalimu mmoja kijana, Jean-Luc, na mkewe Raïssa. Hao walikuwa bado wanashikana mikono. Baada ya mji wa Gitarama barabara ilikuwa vumbi tupu, na walipofika Kibuye wote sita walikuwa na rangi moja, wakaonekana kama ukoo mmoja.

Boti ilikuwa nyeupe, ya ghorofa moja, yenye kabini nne na nahodha mwembamba aliyeitwa Silvère. Iling'oa nanga jua likiwa bado juu. Ghuba ilikuwa kama maji yaliyoingia kwa hila kati ya vilima na kukataa kutoka: kila walipodhani wamefika mwisho, kilima kilisogea, maji mengine yakafunguka, na kisiwa kingine kikajitokeza kikiwa na migomba michache na ng'ombe mmoja aliyewashangaa. Illuminée alikaa mbele kabisa, viatu amevua. Hakusema neno karibu saa nzima, jambo ambalo Pudentienne hakuwa amelishuhudia tangu wafahamiane.

"Ni pazuri kuliko nilivyosikia," alisema mwishowe.

"Pazuri," alijibu Pudentienne. "Ila suruali inanibana mahali ambapo siwezi kukuonyesha."

Jua lilipozama wakatia nanga katikati ya ghuba na kula samaki. Bizimana akafungua chupa za bia, akampita Pudentienne akimpigia saluti.

"Kwako soda, Bwana Usumani. Mimi naheshimu dini za watu."

Pudentienne alimtazama Illuminée kwa jicho ambalo mke wa kweli angeliogopa. Alikunywa soda tatu za machungwa, zote za moto.

Baada ya chakula wanaume walipanda juu ya paa na wanawake wakabaki chini. Pudentienne hakuwa na njia. Akapanda na wanaume. Kwa mbali wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo, walikuwa wamewasha taa zao, wakipiga makasia na kuimba ili waende pamoja. Pudentienne alijisahau, akaitikia ule wimbo kwa ile sauti ya kwaya. Wavuvi wakamjibu kutoka gizani kwa nguvu zaidi.

"Ebwe! Una kifua, mzee!" alisema Jean-Luc.

Bizimana, bia zikiwa zimemkolea, alisimama kwenye ukingo wa paa na kuanza kuhangaika na mkanda. "Njooni tuliongezee ziwa maji. Usumani, simama hapa karibu nami."

"Daktari amenikataza," alisema Pudentienne haraka.

"Amekukataza kukojoa?"

"Amenikataza upepo. Sehemu hizo."

Bizimana alimwonea huruma kwa dhati. Akarudi, akakaa karibu naye, na huruma ile ikamfungua mdomo. Alisema mtu anayeishi na ugonjwa wa namna hiyo lazima apate siri ya kumfurahisha. Akamwuliza kama aliona ile cherehani dukani.

"Mke wangu aliiota kila usiku," alisema Pudentienne.

"Mwambie aache kuota!" Bizimana akacheka mpaka akakohoa. "Jina la mshindi nilikuwa nalo kwenye kiganja kabla sijaingiza mkono kwenye kapu. Iko binti mmoja wa Masaka, anaitwa Kellen. Mikono yake, bwana, milaini! Jina bado sijalitangaza, lakini cherehani inakwenda kwake wiki ijayo. Sisi wanaume tunaelewana, au si hivyo?"

Jean-Luc aliangalia miguu yake. Pudentienne alisema, "Tunaelewana sana," akaaga, akashuka ngazi huku akihesabu pumzi.

Kwenye kabini Illuminée alikuwa amelala chali, akisikiliza maji yakigonga ubao. Pudentienne alimweleza yote, akiigiza hadi kikohozi. Illuminée aliketi. Mwanzo alicheka kwa sababu ya upepo wa daktari. Halafu akaacha kucheka.

"Mita ngapi nilinunua kwake, Pude? Na wanawake wangapi walinunua kama mimi?"

"Tumwambie kesho."

"Tukisema, atasema sisi pia waongo."

"Na ni kweli."

"Ndiyo, ni kweli."

Halafu Pudentienne akavua kofia, akajikuna kichwa kwa raha. "Wewe ndiye uliyeshinda. Ukisema ninyamaze nitanyamaza, nitabaki mume wako mpaka Kigali."

Illuminée alivuta blanketi, akageukia ukuta. Lakini asubuhi, ukungu ulipoanza kuinuka juu ya maji na Bizimana akawaita wote mbele na kamera yake, Illuminée alikuwa ameamua. Bizimana alitaka picha ya kutundika dukani. Aliwapanga wawili wawili, akamwomba Bwana Usumani atoe kofia ili uso uonekane.

"Ngoja kwanza," alisema Illuminée. "Huyu si bwana wangu. Huyu ni rafiki yangu Pudentienne, anauza maharagwe sokoni. Nilidanganya kwa sababu sikutaka sabuni."

Pudentienne akatoa kofia na kuinama kidogo, kama mtu anayetambulishwa kanisani. "Mwaramutse," alisema, akiwaamkia wote kwa Kinyarwanda.

Raïssa akapiga kelele. Nahodha Silvère alitoa kichwa dirishani na kusema, "Mimi niliona tangu jana, namna alivyoshuka ngazi," kisha akarudi kwenye usukani wake.

Bizimana aligeuka rangi ya nyanya. "Huu ni wizi! Udanganyifu ndani ya tombola yangu! Mtarudisha zawadi yangu!"

"Tuirudishe vipi, patroni?" aliuliza Pudentienne. "Tumeshalala. Samaki nao wameshakwenda. Tungoje hadi jioni pengine?"

"Nitawapeleka polisi!"

"Twende. Wewe utaeleza yangu na mimi nitaeleza ya jana usiku kule juu ya paa. Ile cherehani ambayo jina la mshindi lilikuwa kwenye kiganja."

Ndipo Bizimana alipokumbuka kwamba mtu ambaye yeye alimwita asimame karibu usiku, mkanda ukiwa mkononi, alikuwa muuza maharagwe. Akakaa juu ya kamba za boti.

"Mimi pia nilisikia," alisema Jean-Luc taratibu. Raïssa akamshika mkono tena.

Natacha aliweka sweta chini. Hakuwa ameongea maneno kumi tangu Kigali. "Inakwenda kwa nani, hiyo cherehani?"

Pudentienne alimtazama Bizimana, kisha akamtazama Natacha. Jina la Kellen lilikuwa mdomoni. Akalimeza. "Mama, hilo muulize yeye. Sisi tunataka tu kapu lirudiwe."

"Litarudiwa," alisema Natacha. "Jumamosi ijayo, barazani, mbele ya watu. Na mkono utakaoingia kwenye kapu utakuwa wangu." Akaokota sindano zake. "Hilo jingine, Bizimana, tutaongea nyumbani."

Kamera haikutumika tena. Katika basi Bizimana alikaa nyuma peke yake, na kila gari liliporuka shimo walimsikia akiguna.

Jumamosi baraza la duka lilijaa mafundi wanawake kutoka kila mtaa. Illuminée alivaa gauni lake la misa, na alipomwona Natacha akikunja mkono wa blauzi hadi kwenye kiwiko ili wote waone hana kitu, alisogea mbele hatua mbili. Karatasi ikatoka.

"Nsengiyumva, wa Kanombe!"

Alijitokeza mwanaume mrefu, mpishi wa uwanja wa ndege, aliyekuwa amenunua kitambaa cha mapazia. Hakujua kushona hata kifungo. Illuminée alimfuata, akajaribu kumweleza, akajaribu hata kumbembeleza. Nsengiyumva alisikiliza kwa adabu, akasema ana mabinti wanne, mmoja wao lazima atajifunza. Akaifunga cherehani kwa kamba nyuma ya baiskeli na kuisukuma barabarani, maua yake ya dhahabu yakimeremeta.

"Ungenyamaza kwenye boti," alisema Pudentienne, "tungemtisha Bizimana akatupatia sisi."

"Nililifikiria hilo pia," alisema Illuminée. "Nililifikiria karibu usiku wote."

"Na?"

"Na nilipoamua kusema ukweli, ndipo nikapata usingizi."

Walirudi Gitega kwa miguu. Pudentienne alimfuata mpaka ndani, akafungua lile kabati lisilofunga, akachagua kitambaa cha buluu na kukitupa juu ya cherehani kuukuu.

"Nishonee gauni," alisema. "Liwe na mifuko miwili mikubwa, kama ya suruali. Siku mbili zile nilitembea mikono mifukoni, Ilu, nikaona nimekosa mengi."

Illuminée akachukua chaki, akampima kiuno, akaanza kukata.