Mikono ya Ylva

Tangu saa sita mchana, tiketi za dansi la wanafunzi wa chuo kikuu cha Lund zilipoanza kuuzwa, Ylva hakukaa kitako. Alisimama mbele ya kompyuta, vidole juu ya kibodi, akitazama mstari mwekundu ukipanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea.

Mstari ule ulikuwa foleni ya wanunuzi. Programu yake, kazi ya miaka mitano, ilitakiwa kujiamulia yenyewe: watu wakizidi iwashe kompyuta nyingine, wakipungua izime. Profesa Ragnhild alikuwa amemwambia waziwazi: mstari utulie nusu saa tu kabla ya saa nane, tasnifu itatiwa sahihi. Usipotulia, mwaka mwingine mzima.

"Imelewa hii," Ylva alisema.

"Umeibonyeza tena?" aliuliza Torkel, mwenzake wa meza ya pili.

"Naisaidia kidogo."

Msaada wenyewe ulikuwa hivi. Programu ikiona foleni huwasha kompyuta kumi, nazo huchukua dakika mbili kuamka. Ylva, roho juu, hangoji. Anawasha kumi zake. Zikiamka zote ishirini, kazi hakuna. Programu inazima, Ylva naye anazima. Foleni inafumuka upya.

Saa saba na dakika ishirini Ragnhild akausukuma mlango kwa kisigino, kabeba bakuli kubwa la krimu na sinia ya semla, mikate mitamu inayoliwa huko Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, nayo ilikuwa ndiyo siku hiyo. Akautazama mstari, kisha akamtazama Ylva.

"Njoo hapa, binti. Mikate thelathini. Kata kofia, chimba katikati, tia lozi, tia krimu."

"Sasa hivi? Nimebakiwa na dakika arobaini."

"Ndiyo maana. Na kijiko sikuleta."

Kufikia mkate wa tatu, Ylva alikuwa na krimu hadi kwenye viwiko. Mstari ukaanza kupanda.

"Torkel, kaka yangu, niwashie tano tu."

"Mimi nakula."

Akanyoosha pua kuelekea kibodi. Torkel akachomoa waya wa kibodi, akaendelea kutafuna.

Mstari ukapanda, ukasita, ukashuka. Ukatikisika kidogo, mara hii kidogo zaidi, kisha ukalala chali. Dakika tano. Kumi. Ylva akaanza kucheka, kicheko cha kumtoa mtu machozi, akajifuta kwa mkono na kujipaka krimu hadi kwenye nyusi. Torkel akapaliwa na lozi. Hata Ragnhild alilazimika kukaa.

Saa nane kasoro dakika tatu nusu saa ikatimia.

"Natia sahihi," alisema Ragnhild. "Ila mchoro wa ule mstari ulipokuwa ukiyumba nao uingie kwenye tasnifu, na chanzo cha ile vurugu kiandikwe."

"Torkel, niandikie, mikono yangu imejaa krimu. Andika: programu ilikuwa nzima. Aliyekuwa anaiyumbisha ni aliyeitengeneza."

"Nani huyo? Weka jina, bibie."

Ylva akalitaja jina lake lote, herufi kwa herufi, huku akicheka mpaka Torkel akamwomba arudie.