Hapo Umeimba, Usiguse Tena

Nchi nzima inamwita Shangazi, na mpaka leo sijui ni mtoto wa nani aliyewahi kupewa naye hata peremende. Ana kipindi cha televisheni kila Jumamosi, ana kochi la zambarau, ana watazamaji ukumbini wanaocheka akitaka wacheke. Siku meneja wake alipoingia studio kwetu na kusema Shangazi anataka kutoa albamu yake ya kwanza, na kwamba anataka fundi wa sauti mwanamke kwa sababu hapendi wanaume wamwone akikosea, niliitikia kabla hajamaliza sentensi. Bosi wangu alidhani nimefurahia kazi. Nilifurahi kweli, ila si kwa hilo alilodhani.

Kwanza mjue alichomfanyia mama yangu.

Mama alikuwa anaimba. Si mwanamuziki wa kujulikana. Aliongoza kikundi cha kina mama wanaoimba kwenye harusi za mtaani, na nyumbani aliimba akiosha vyombo, akikunja nguo, hata akinigombeza. Sauti yake ina mkwaruzo kidogo, na mimi niliyekua nikiisikia sijawahi kutamani iondoke. Studio, mwimbaji akishaupata wimbo vizuri, sisi mafundi humwambia "hapo umeimba, usiguse tena," yaani asirudie, tusije tukaharibu. Niliyaleta maneno hayo nyumbani na Mama akayapenda. Akimaliza ubeti jikoni alikuwa akiuliza kwa sauti, "Niguse au nisiguse?" nami namjibu kutoka sebuleni, "Usiguse, Mama." Ulikuwa mchezo wetu.

Jumamosi moja akapiga simu kwenye kipindi cha Shangazi kumpongeza kwa siku yake ya kuzaliwa. Shangazi akamwomba amwimbie kidogo. Mama, masikini, akaimba ubeti mzima. Shangazi alimwacha amalize, kisha akaisogelea kamera, akasema, "Mama, mwachie huyo mbuzi. Ameshakufa."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kufikia Jumatatu kila mwenye simu alikuwa na kipande hicho cha video. Watoto walimfuata Mama barabarani wakimwambia mwachie mbuzi. Muuza nyanya alimtania huku anampimia. Mwanzoni Mama alicheka nao. Baadaye akajitoa kwenye kikundi, akasema magoti yanamuuma, na hakuna aliyemuuliza tangu lini watu wanaimbia magoti. Mwisho akaacha kuimba hata kwenye vyombo. Jikoni yakabaki maji ya bomba tu.

Basi nilitaka mambo mawili. Nilitaka watu wamcheke Shangazi kama walivyomcheka Mama, na nilitaka Mama aimbe tena. Kwangu yalikuwa jambo moja.

Shangazi hajui kuimba. Nalisema hili bila chuki, ingawa chuki ninayo. Siku ya kwanza alipoingia kwenye chumba cha kurekodia, wimbo ulienda huku na yeye akaenda kule, wakikutana ilikuwa bahati. Fundi mwenye huruma angemsikilizisha sauti yake, akamtafutia mwalimu, akamwambia tuonane baada ya miezi kadhaa. Mimi nilimvisha kilemba cha ukoka. Tuna programu ya kunyoosha sauti, na kwa kawaida tunaitumia mtu akishaondoka, kurekebisha pale alipoteleza. Mimi niliiweka moja kwa moja kwenye hedifoni zake. Kila alichokiimba kikiwa kimepinda kilimrudia masikioni kimenyooka. Alifumbua macho mle ndani, akaweka kiganja kwenye kioo kilichotutenganisha.

Akaniuliza kama huyo ni yeye. Nikamwambia, "Ni wewe, Shangazi. Hapo umeimba, usiguse tena."

Tangu siku hiyo alikuja mapema kuliko mfagiaji. Alikuja na kanga ya kujifunika kiyoyozi, akavua viatu, akaimba. Waitikiaji wake wawili walitazamana, mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kinachoendelea, nikamwambia aangalie sehemu yake ya kuitikia. Meneja alikuwa anajua. Yeye ni mtu wa kofia, haivui hata akila, kwa sababu ya upara anaoamini hatuujui. Aliniambia nipige pasi albamu yote itakavyowezekana, na kwenye uzinduzi Shangazi atachezesha midomo tu juu ya sauti iliyorekodiwa. Nikaitikia. Ila kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anakataa.

Na alikataa. Kichwa kilishavimba. Akasema ataimba mwenyewe, moja kwa moja, televisheni ikirusha, ili watu wajue. Meneja alimbembeleza mpaka akachoka, kisha akanijia mimi. Tukakubaliana niwe na sauti ya akiba tayari kwenye mashine, na akiona mambo yanaharibika atavua kofia, hapo niipandishe na kuzima kipaza sauti chake. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Kuna siku moja karibu inilainishe. Tulikuwa tumebaki wawili, waitikiaji wamekwenda kula. Akatoka kule ndani na vikombe viwili vya chai alivyovitengeneza mwenyewe, akakaa sakafuni karibu na kiti changu. Akanisimulia kwamba utotoni kaka zake walikuwa wakimtupia mito akianza kuimba, na ndiyo maana akajifunza kuchekesha, kwa sababu anayechekesha hatupiwi kitu. Hakuwa yule wa kwenye kochi. Akaniangalia.

"Fundi, wewe hunipendi, nimeshaona. Kwa hiyo hutanidanganya. Naweza kuimba, au watu wananipamba tu?"

Nakiri nusura nimwambie kweli. Badala ya kumjibu nikamuuliza kama anamkumbuka yule mama wa mbuzi. Alifikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka. Akasema ile ilikuwa siku nzuri sana, watu walicheka mpaka wakalia, na kwamba hakuwahi hata kujua yule mama ni nani. Akacheka tena, peke yake, na kikombe mkononi.

"Unaweza," nikamwambia. "Imba kama ulivyoimba leo. Usiguse tena."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Kamera kila pembe, maua mpaka kwenye ngazi, na nyuma ya jukwaa limeandikwa jina la albamu kwa taa: *Sasa Nisikilizeni*. Meza yangu ya kuchanganyia sauti ilikuwa katikati ya watu, mbali na jukwaa. Shangazi alikuwa na kile kidude kidogo cha sikioni kinachomsikilizisha mwimbaji sauti yake. Humo nikampelekea ile iliyonyooshwa. Ukumbini nikaiachia sauti yake jinsi Mungu alivyompa.

Ubeti wa kwanza watu walitazamana. Ubeti wa pili mama mmoja wa mstari wa mbele akauma mkanda wa pochi yake, na mpiga picha mmoja mabega yakaanza kumtetemeka. Shangazi aliona meno, akadhani ni furaha. Akatanua mikono. Akapanda juu zaidi, pale ambapo studio nilikuwa nikimsaidia kuliko pote. Meneja akavua kofia. Niliuona upara vizuri. Akaipunga ile kofia, akaipunga tena kwa mikono miwili, nami nikainama chini ya meza kama mtu anayetafuta waya.

Nikiwa huko chini nikasikia mtu wa viti vya nyuma akipaza sauti: "Shangazi, mwachie huyo mbuzi, ameshakufa."

Ukumbi ukapasuka. Nilisimama haraka nisije nikakosa kitu. Shangazi aliona watu wameinuka vitini, wamejishika mbavu, akafanya wanachofanya waimbaji wakitaka kuusikia umati vizuri. Akachomoa kile kidude sikioni, huku bado anaimba.

Alinyamaza katikati ya neno. Akakirudisha kidude sikioni, akaimba neno lile. Akakitoa, akaliimba tena. Watu walizidi kucheka, walidhani ni kichekesho. Kisha akainua macho juu ya vichwa vyote mpaka kwangu, na mimi sikutazama pembeni. Nilitaka ajue nilijua. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile, na sitajifanya vinginevyo.

Alinikuta kwenye ujia wa nyuma nikikunja nyaya. Vipodozi vilikuwa vimemchuruzika. Nikamwambia kabla hajafungua mdomo, "Yule mama wa mbuzi ni mama yangu."

Alinitazama kama anamtafuta mtu kwenye chumba chenye giza. "Lakini nilikuuliza," akasema. "Siku ile nilikaa chini nikakuuliza." Akaondoka bila viatu.

Bosi alinifukuza kwa simu, nikamshukuru. Albamu ilitoka usiku uleule na redio ziliipiga kwa ajili ya kuchekesha wasikilizaji wakielekea kazini. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba imenyooka kama shuka lililopigwa pasi ambalo hajalilalia mtu. Jumamosi iliyofuata kochi la zambarau lilikaa tupu, wakaweka marudio. Kipande cha Shangazi akichomoa kile kidude kilifika hadi kwa muuza nyanya, na nasikia watoto walishamsahau Mama kabisa.

Mama hakuwa amekiona. Nilimwekea mwenyewe, mezani, baada ya chakula cha mchana. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akaniambia niweke tena. Nilimwona mama yangu wa zamani. Akauliza ilikuwaje mtu mzima asisikie anavyoimba mwenyewe.

Nikamweleza yote. Nilijisifu, kwa nini nisijisifu? Nikamweleza hedifoni, kofia ya meneja, waya niliokuwa nautafuta. Nikamweleza chai, na swali la Shangazi, na nilivyomjibu bila kupepesa, mpaka maneno yenyewe nikayaigiza kwa sauti ile ya studio. Nilikuwa nimenogewa na hadithi yangu, sikuona alipoacha kucheka. Alikusanya sahani akaenda jikoni.

Maji yakafunguliwa. Halafu, juu ya maji, Mama akaimba.

Ulikuwa wimbo uleule aliomwimbia Shangazi kwenye simu. Niliinuka taratibu, nikaegemea mlango wa jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, mikono ndani ya povu, na ule mkwaruzo wake ulikuwepo wote. Ilikuwa nzuri. Naapa kwa chochote mtakachotaka, ilikuwa nzuri. Alifika mwisho wa ubeti akanyamaza, na hakuuliza niguse au nisiguse. Nikamjibu hata hivyo, yalinitoka yenyewe.

"Hapo umeimba, Mama. Usiguse tena."

Akafunga bomba. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akageuka. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ni maneno yaleyale?"

"Mama, kwako ni kweli."

"Na yeye alikuuliza ukweli," akasema.

Nilibaki nimesimama mlangoni natafuta neno lingine la kumsifia, neno ambalo sikuwahi kumpa Shangazi, na sikulipata. Mama akafungua bomba tena, akamalizia vyombo.