Celestin Aliposimama Uani Kwetu

Mume wangu Kashaija aliacha kukaa na watu tangu siku alipotafuna mavi ya mbuzi mbele ya simu.

Kwetu mgeni hupokelewa kwa kahawa ya kutafuna. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha huanikwa mpaka inakauka na kuwa nyeusi. Mtu akikunyooshea kwa mikono miwili unapokea, unatia mdomoni, ndipo mnaongea. Huikagui kwanza. Kuikagua ni kumwambia mwenzio kwamba unamwona mchawi.

Celestin alilijua hilo, maana amezaliwa Kamuli, si mbali na hapa. Ni kijana wa video. Ana mdoli wa maganda ya mgomba, anayevutwa mdomo kwa kamba, na kwa mdoli huyo huwasema wakubwa. Sitadanganya, zamani nilicheka. Alipowaigiza wanunuzi wa kahawa wenye mizani mibovu, nilimwomba jirani anionyeshe tena.

Halafu akaja gulioni Nkwenda na mdoli wake amemvika kofia ya kizee. Akamsalimia Kashaija kwa adabu zote, akapiga goti, akamnyooshea pakiti ya jani la mgomba. Mzee wangu macho yamefifia. Akapokea, akashukuru, akatafuna. Mdoli akamuuliza, "Tamu?" Watu wakaanguka kwa kicheko.

Mama mmoja muuza maharage, Beata, hakucheka. Alimpa maji yake ya kunywa asukutue, akamfuta kidevu kwa khanga yake mwenyewe, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Simu haikuyachukua hayo.

Video ikatembea hadi Murongo na ng'ambo ya Uganda. Watu waligawanyika. Hata kwenye jumuiya yetu waligombana baada ya sala. Mmoja akasema kijana ana kipaji, mzee naye angeangalia anachokula. Mwingine akasema huyo ni wa kuchapwa. Aliyetuambia tusamehe, video ilikuwa kwenye simu yake.

Kashaija hakugombana na mtu. Alikuwa akipogoa migomba alfajiri, na jua likitoka yuko ndani. Kanisani hakwenda tena. Mtu akipiga hodi, anahamia chumbani. Nilitaka arudi kukaa na watu. Na nilitaka Celestin alie. Sijui kipi nilikitaka zaidi.

Siku moja jirani yetu Desderius akaja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, kuna kijana amemposa Jenifa wangu. Wanapendana. Ni yule Celestin."

Nikatazama mlango wa chumbani.

"Ukisema nimkatae, namkataa leo."

Mama yake Desderius alikuwa rafiki yangu, na tangu afariki mimi ndiye ninayekaa mahali pa bibi katika nyumba ile. Kugawa kahawa kwa wageni ni kazi yangu. Nilimshukuru kwa kuniuliza, maana wengine wasingeuliza.

"Mlete tu," nikamwambia.

Kahawa ya siku ile niliitengeneza kwa mikono yangu. Sijawahi kuchemsha iliyonukia vile. Nyingi nikaitia kwenye kikapu cha wageni. Kidogo nikaifunga kwenye jani, nikaficha kiunoni ndani ya kitenge.

Wageni wa posa walipoketi mkekani kwa Desderius nikapita na kikapu. Baba yake mdogo Celestin, Nestory, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alichota, akatafuna, akanisifu. Nilipofika kwa Celestin nikaweka kikapu chini. Nikatoa lile jani kiunoni, nikapiga goti, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Kisha nikaona simu zinainuliwa.

"Pokea," Nestory akamwambia. "Mtu mzima amekupigia goti."

"Baba mdogo, sijui ni nini."

"Ni kahawa. Mimi si nimetafuna?"

"Yako imetoka kikapuni. Hii imetoka kwenye kitenge."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Leo mdoli kavutwa kamba." Wengine wakacheka, wengine wakamwambia anyamaze.

Mimi nilimtazama tu. Magoti yalikuwa yananiuma, lakini ningepiga goti pale mpaka jioni. Akapokea. Akatia mdomoni, akafumba macho, akatafuna mara moja, machozi yakamtoka. Akatema mkekani.

Desderius akainama, akaokota punje nyingine iliyobaki kwenye jani. Akainusa, akaitafuna polepole.

"Kahawa," akasema. "Na majani yamekolea." Akamgeukia Nestory. "Mzee mwenzangu, anayetema kahawa ya nyumba hii hawezi kuondoka na binti wa nyumba hii. Rudini kwenu. Mzee Kashaija akisema yamekwisha, ndipo mje."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana.

Video hiyo nayo ikatembea. Waendesha bodaboda walinipigia honi. Wengine walisema bibi amemkomesha, wengine kwamba nimemharibia binti wa watu kwa kisasi cha kizee. Nikamsimulia Kashaija, nikingoja acheke.

"Kwa hiyo walioiona yako sasa wanaitafuta yangu," akasema. "Umenirudisha kwenye simu zao."

Akageukia ukutani. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Kisha akaja Jenifa. Hakunilaumu. Alifagia uwanja wangu wote kwanza, akanichotea maji, ndipo akapiga goti.

"Bibi, baba anamsubiri babu aseme neno."

"Basi huyo kijana aje mwenyewe. Mchana, siku ya gulio, barabara ikiwa imejaa. Simu aiache kwenu."

"Babu atamsamehe?"

"Sijui. Mimi bado."

Akaja. Nilimsimamisha katikati ya uwanja, mahali tunapoanika kahawa, ambapo kila apitaye barabarani anamwona. Manyunyu yakaanza. Sikumwambia asogee kwenye baraza. Watu waendao Nkwenda wakapunguza mwendo.

Nikaingia chumbani. "Yuko nje. Analowa."

"Analowa sana?"

"Shati limemganda mgongoni."

Kashaija akakaa kitandani. Akauliza koti lake liko wapi.

"Toa kiti uweke barazani," akasema.

"Cha Celestin?"

"Changu."

Akatoka mchana kweupe, akaketi, akaweka fimbo magotini, akamtazama yule kijana kama mtu anayetazama video. Nikamletea chai. Kikombe kimoja.

"Shikamoo mzee Kashaija," mtu akaita barabarani. "Hatujakuona siku nyingi."

"Marahaba. Nipo. Mihogo imefika bei gani huko?"

Yule akajibu. Wa nyuma yake naye akasimama kusalimia, kisha mwingine akaingia kabisa uani kumpa mkono, akimzunguka Celestin kama mtu azungukavyo mti.

"Babu," Celestin akasema, meno yakigongana, "naomba—"

"Ngoja kwanza," Kashaija akamwambia. "Naongea na watu."