Jani la Sale kwenye Barua

Jirani yetu Sumari anadai hivi: Jumapili ile, kengele ya pili ya kanisa imeshalia, alimwona kaka yangu Bariki kwenye banio la mfereji, jembe mkononi, akigeuza maji ya shamba la mzungu yaje kwenye migomba yetu. Sumari alikuwa ng'ambo ya korongo. Uso hakuuona, ila koti la jeshi alilitambua. Aliapa hivyo mbele ya nyapara wa shamba hilo, na Jumatatu askari wakamchukua Bariki. Ijumaa angesimama mbele ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Watu walisema atafungwa miezi sita.

Saa ile Bariki alikuwa kanisani anapuliza tarumbeta. Nilikuwa benchi la tatu, nikimtazama mashavu yakivimba.

Mimi nimefika darasa la nne, kwa hiyo kumwandikia Bwana Shauri barua kukawa kazi yangu. Mama hakuweza kukaa. Anatoka, anaingia, anachungulia karatasi asiyoweza kuisoma.

"Andika Sumari ni mwongo, na baba yake alikuwa mwongo!"

"Mama, Bwana Shauri hamjui baba yake Sumari."

"Basi mjulishe!"

Nikaandika, nikasoma, nikachana. Ilikuwa matusi matupu. Nikajiuliza: huyu Bwana Shauri akiishika, atataka kujua nini kwanza? Tunachotaka. Basi nikaanza na hicho: Bariki aachiwe, kwa kuwa hakuwepo kwenye banio. Halafu alikuwa wapi. Halafu nani alimwona: mchungaji, mwalimu wa bendi, na wapiga tarumbeta wanane, kwa majina. Mwisho nikaligusa neno la Sumari mwenyewe, maana nikilinyamazia litabaki limesimama. Koti aliliona, ni kweli. Lakini waliorudi vitani na makoti kama hayo kijijini kwetu ni saba.

"Sema hata Sumari analo!"

"Wakihesabu saba watamkuta humo. Nikimtaja, ni ugomvi wa majirani."

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la sale, akaifunga nalo barua. "Kwa mkubwa huendi mikono mitupu."

Nililiona. Nikaipokea barua hivyo hivyo.

Ijumaa nilifika Boma mapema, miguu imejaa vumbi. Sumari alikuwa barazani, anasubiri kuitwa shahidi. Nikamwamkia shikamoo, ni mkubwa wangu, nifanyeje? Akaitikia macho yakiwa kwenye jani.

"Kumbe mmekuja kuomba radhi! Si mngesema mapema, binti, tukamaliza nyumbani?"

Karani, Mchaga mmoja aitwaye Ndesanjo, aliinua kichwa. "Nani kafunga hili?"

"Mama. Kwa heshima."

"Kwetu Uchagani na kwenu sale ni moja. Huletwa na aliyekosa, asamehewe. Barua yako inasema kijana hakufanya, jani linasema alifanya. Bwana ataniuliza maana yake. Nimwambie lipi?"

Masikio yalipata moto. Kulifungua hakusaidii, Sumari ameshaliona, ataingia ndani amwambie Bwana. Nikaomba kalamu. Nikaongeza chini:

"Jani hili limefungwa na mama yangu, ambaye hajui kusoma. Anaomba asikilizwe. Hakuna wa nyumba yetu aliyekiri kosa, na mashahidi walioandikwa hapa wako tayari kuitwa leo."

Ndesanjo akaisoma mara mbili. Ndani kengele ya mezani ikalia. Askari akatokea mlangoni, akaita, "Sumari!" Jirani yetu akasimama, akafunga vifungo vya koti lake la jeshi.

Nikashika ukingo wa meza. "Kaka Ndesanjo, tafadhali, isome barua kwa Bwana kabla huyu hajaanza kusema."

Karani akaichukua barua na jani lake, akaviweka juu kabisa ya mafaili, akayabeba yote, akamfuata Sumari ndani. Mlango ukafungwa.