Wagonjwa wa Ghala la Sandarusi

Mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, waliporudi Bagamoyo na mizinga yao, walimkamata Kibwana nyumbani kwao Kaole, asubuhi, akiwa uani anafua nazi. Walisema aliwabebea baruti wapiganaji waliowapinga. Kama ilikuwa kweli ama si kweli, dada yake Mwaija hakumwuliza siku zile wala baadaye. Aliona jibu lolote lisingempunguzia mtu uzito.

Gereza lilikuwa jumba la mawe karibu na ngome, lenye mlango mmoja na madirisha ya kupitisha mkono tu. Wafungwa walitiwa mnyororo wa shingoni, kundi zima mnyororo mmoja. Walikaa pamoja, wakalala pamoja, na mmoja akikatwa na tumbo, wenzake wote waliburutwa naye mpaka kwenye ndoo. Serikali iliwapa mtama mkavu na maji ya kisima yenye chumvi. Aliyekuwa na ndugu alingoja ndugu yake alete chakula.

Mwaija alikuwa mjane wa makamo, hana mtoto, na Kibwana ndiye aliyebaki katika watoto wa mama yake. Kila kulipokucha alijitwika kapu, akatoka Kaole kwa miguu. Miguu ilimvimba. Mlangoni alingoja juani mpaka shaushi, mkuu wa walinzi, Mnubi mrefu asiye na maneno mengi, apokee chungu na kukiingiza ndani. Siku moja chungu kilirudi na wali wote. Kesho yake vilevile. Alipouliza, shaushi alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba nduguye anahara damu, na wengi humo ndani wanahara damu, na maiti ya asubuhi ile ilibidi kukatiwa mnyororo kwa tindo.

Mwaija hakulia. Alikwenda moja kwa moja misheni ya Wafaransa, ambako zamani aliwahi kufua nguo, akamtafuta Sista Filomena, mwanamke mkavu mwenye kikohozi, aliyewauguza watu wa pwani hii mpaka nywele zikawa nyeupe chini ya kitambaa. Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba misheni haina amri juu ya gereza la Wadachi. Tena kwao Ulaya watu wake na Wadachi walipigana, na kaka yake mwenyewe alikufa katika vita vile, akiwa mateka mikononi mwao, kwa ugonjwa huu huu wa tumbo.

"Sijawahi kuzungumza na Mdachi tangu hapo," alisema. Akavaa viatu vyake, wakatoka.

Daktari wa Kidachi, Bwana Lenz, waliyemkuta ngomeni, alikuwa kijana mwenye homa, macho ya manjano, anajishikilia meza asianguke. Kazi yake ilikuwa kutibu askari. Hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Basi akaitwa Mgoa mmoja mwenye duka la dawa mjini, Kustodio, aliyezungumza Kiingereza na daktari na Kiswahili na kila mtu. Neno moja lilisafiri kutoka kwa Sista hadi kwa Kustodio hadi kwa daktari, na jibu likarudi njia ile ile, limechoka. Mwaija, aliyesimama karibu na mlango, aliona kwamba kila neno likipita, nyuso zilikuwa ngumu kidogo kuliko maneno yenyewe. Daktari alidhani analaumiwa. Sista alidhani anafukuzwa. Kustodio alijifuta jasho na kutafsiri kwa upole mambo ambayo hayakusemwa kwa upole.

Mwishowe daktari akainuka, akasema wamfuate. Aliingia gerezani mara ya kwanza tangu ateremke melini. Alipotoka alitapika ukutani, kisha akaenda kuonana na mkuu wa ngome.

Yaliyopatikana hayakuwa makubwa. Nyuma ya gereza palikuwa na ghala la sandarusi, utomvu mkavu wa miti unaouzwa ng'ambo, mali ya tajiri wa Kihindi aliyekimbilia Unguja wakati wa vita. Kustodio alimwandikia, tajiri akaridhia litumike. Daktari angetoa dawa za jeshi, na zikiisha, Kustodio angetoa za kwake. Masista wangekuja kuuguza, na kuni za kuchemshia maji zingetoka misheni. Wagonjwa wangefunguliwa mnyororo maadamu ni wagonjwa. Lakini mkuu wa ngome aliweka sharti: akitoroka mmoja, wote wanarudi kwenye mnyororo na ghala linafungwa. Naye alitaka mtu wa kuwajibika, mwenyeji, anayejulikana kwa walinzi na kwa wafungwa.

Daktari alitazama chini. Sista alimtazama Kustodio, na Kustodio akamgeukia Mwaija.

"Mimi nitasimama," Mwaija alisema. Miguu ilikuwa inamwuma na alitaka mazungumzo yaishe.

Basi kazi ikaanza. Ghala lilinuka utomvu wa zamani, na vumbi la sandarusi liliwashika kooni. Walimwaga chokaa sakafuni, wakatandika mikeka, wakawatoa watu mmoja mmoja, wepesi kama makumbi. Shingo zilikuwa na vidonda vya chuma, vingine vina funza. Mwaija aliosha, akalisha uji wa mchele kwa kijiko, akamwaga ndoo, akachemsha maji, akaanza tena. Daktari alikuja kila siku, siku nyingine akitetemeka, akaketi kwenye sanduku na Sista akampa kwinini bila kuulizwa. Hawakupata kupendana. Walifika mahali pa kuelekezana kwa vidole tu, na kazi ikaenda. Wengine walikufa mikononi mwao hata hivyo, na walipokufa, shaushi aliwaita watu wa msikitini waje kuwakosha na kuwazika kama inavyopasa. Hilo nalo halikuwapo kabla.

Kibwana alipona. Kwanza alishika kijiko mwenyewe, halafu akakaa, halafu akaanza kutembea akishika ukuta. Alasiri moja, Sista amekwenda kusali, alimwita dada yake akae karibu.

Akamwonyesha pembeni mwa ghala, pale mawe ya matumbawe yalipolegea chokaa. Ng'ambo yake kulikuwa na mikoko. Alihitaji kanzu safi, na mtu wa kumzungumzisha mlinzi.

"Dada, wakiniona nimepona watanirudisha kwenye mnyororo. Pengine watanitundika."

"Najua."

"Basi nisaidie."

Mwaija alitazama mikeka. Alikuwapo mzee Dadi wa Makurunge, aliyerudiwa na ugonjwa, amelala ubavu, hawezi hata kufukuza nzi. Walikuwapo wengine ambao majina yao hakuyajua, alijua matumbo yao tu.

"Ukitoka wewe, hawa wote wanarudi kule," alisema. "Mzee Dadi hatamaliza wiki."

"Mzee Dadi si mtoto wa mama yako."

Mwaija aliinuka, akamshika mzee Dadi pamoja na mkeka wake, akamburuta polepole mpaka pale pembeni, akamlaza ameziba mawe yaliyolegea. Kisha akarudi kwenye moto wake. Hakumwambia shaushi, hakumwambia Sista. Anayetaka kutoka, amruke mzee.

Kibwana hakumruka. Lakini tangu saa ile hakupokea tena uji mkononi mwa dada yake. Alingoja masista.

Siku daktari alipopita na kumwona amesimama bila kushika ukuta, alisita. Alimwambia Kustodio jambo, Kustodio akamwambia Mwaija kwamba daktari anaweza kumwandika mgonjwa kwa siku chache zaidi, lakini mkuu wa ngome ameanza kuuliza. Siku hizo chache zikapita. Kibwana hakutundikwa. Alipelekwa Dar es Salaam na wenzake kuvunja mawe, mnyororo shingoni juu ya kovu jipya. Alipita mbele ya Mwaija akitazama kisogo cha mtu wa mbele. Siku hiyo mzee Dadi alikunywa bakuli zima la uji.

Baada ya masika Kibwana alifunguliwa, akaenda kulima Mapinga na kuoa huko. Mwaija alisikia kwa watu. Alifunga safari, akafika jua limepanda. Mke wa Kibwana, binti mpole aitwaye Mwanvita, alimkaribisha, akamtandikia jamvi, akapika samaki wa nazi. Kibwana alimwamkia kama desturi, akamwuliza hali ya Kaole, kisha akachukua sahani yake akaenda kula kwa jirani.

Mwaija alikula alichoandaliwa, akamshukuru yule binti, akajifunga kaniki yake vizuri. Mwanvita alimsindikiza mpaka njia panda. Alimsihi alale, aondoke kesho. Mwaija alisema hawezi, wameletwa wagonjwa wapya ghalani jana, na Sista Filomena siku hizi hana nguvu ya kunyanyua ndoo.