Joto la Upande wa Pili

"Wiebke, mwanangu, hivi bado unaishi humo ndani au ulishahama?"

Theda, jirani wa mlango wa pili, alimuuliza hivyo ngazini, mapema Januari, amekumbatia mfuko wa viazi. Wiebke alicheka, akasema nipo, mama, nitahamia wapi na nyumba za Bremen zilivyo adimu. Lakini swali lile halikumtoka kichwani.

Wiebke alikuwa mhariri wa vitabu. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Wachapishaji walimtumia kazi, akaifanya nyumbani kwake. Na alikuwa amejiapiza kwamba kazi hiyo haitaichafua dunia. Kompyuta alinunua iliyokwishatumika. Karatasi hakuchapa hata moja. Kwenye mikutano ya mtandaoni alizima kamera, umeme usipotee bure. Zaidi ya yote, huu ulikuwa msimu wa pili wa baridi hajafungulia joto. Vyuma vya joto chini ya madirisha, vyenye vitasa vya namba sifuri hadi tano, vilikaa kwenye sifuri, naye akahariri ndani ya koti, chupa ya maji ya moto mapajani. Hata hivyo nyumba haikushuka chini ya nyuzi kumi na tano. Aliona ni baraka. Wenzake wanaofanya kazi nyumbani, waliokutana mtandaoni kila Ijumaa, walimbandika jina la Mama Barafu, na Ijumaa hii walitaka awafundishe kuishi bila joto.

Alhamisi hakutulia. Ukurasa mmoja aliusoma mara tatu. Akafungua madirisha yote wazi kwa dakika tano kubadili hewa, ingawa asubuhi alishafanya hivyo, akayafunga, akakaa, akasimama tena. Nyuma ya ukuta mzee Enno, mume wa Theda, alikuwa akikohoa. Kikohozi hicho kilianza lini? Alijaribu kukumbuka, akashindwa. Saa kumi jioni akaenda kubisha hodi.

"Pita, vua viatu," Theda akasema, kana kwamba alikuwa akimngoja. "Kahawa ipo."

Enno alikuwa jikoni kwenye kiti cha kuegemea, blanketi hadi shingoni, na mto wake wa kulalia mgongoni.

"Mtu wa barafuni huyo," akasema. "Umekuja kuota moto?"

"Nimekuja kukujulia hali, mzee. Mbona unalala jikoni?"

"Chumbani kumeingia mpangaji mwingine. Hebu mwonyeshe, Mama Hilke," akamwambia mkewe.

Chumbani kabati lilikuwa limesogezwa kando. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi kwa ukungu, toka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Wiebke akaugusa, baridi tupu, kama jiwe la kaburi. Ng'ambo ya ukuta ule ndipo ilipokaa meza yake ya kazi.

"Hewa tunaingiza asubuhi na jioni, unyevu utoke," Theda akasema. "Na joto tumeweka tano, mwisho kabisa. Zamani mbili ilitutosha. Juzi fundi kaja, anasema joto letu linapenya ukutani, linakwenda kwako."

"Lakini kwangu nimezima."

"Ndiyo maana linakwenda."

Waliporudi jikoni Wiebke hakuketi. Alizunguka meza akimwaga maneno: nyumba ni ya zamani, kuta ni nyembamba, kwake nyuzi kumi na tano zinamtosha, mwenye nyumba angezivika kuta zake tabaka la kuzuia baridi, yeye kosa lake lipi.

"Mimi nilikuwa naokoa, mama."

"Uliokoa nini, mwanangu?" Theda alikuwa akikata keki ya siagi, wala hakupandisha sauti. "Nia yako Mungu anaijua ni njema, hata mimi naijua. Ila moto ni ule ule. Ulihamia kwetu tu."

"Nyuzi zako kumi na tano ndizo mimi," Enno akasema. "Nimekuwa jiko lako misimu miwili ya baridi, hata kikombe cha chai hujanikaribisha." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, miwani ikamdondoka.

Theda akaiokota, akangoja kikohozi kipite.

"Daktari amemkataza kulala tena nyumba hii, ukungu unamharibu mapafu. Jumapili Hilke binti yetu anakuja kumpeleka makao ya wazee, kule Oldenburg. Nafasi ni ya mtu mmoja. Miaka hamsini na miwili hatujatengana, ila usiku ule niliojifungua Hilke."

"Jumapili hii?"

"Hii. Fundi anasema ukuta ukipata joto pande zote mbili utaanza kukauka, na ukungu atauondoa. Hilke akiuona unakauka, pengine atasubiri."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mtu na nyumba yake," Enno akasema. "Tuje tukuamrie joto, mtu mzima?"

Wiebke akaiwaza kesho, na wale wenzake kumi na wawili wa mtandaoni watakaomsubiri awafundishe.

"Labda niweke moja," akasema. "Moja na nusu."

Enno alikitazama kikombe chake. Theda alikusanya makombo ya keki kwa kidole, moja moja, mpaka meza ikawa safi.

Wiebke akaiweka mezani keki aliyoimega mara moja tu, akavibeba viatu vyake mkononi, akatoka na soksi zake kuelekea mlangoni kwake, haraka, kwenda kuvizungusha vitasa vya joto hadi mbili.