Dakika Kumi za Mama Elieth

Karugendo alimwamkia mara tatu, na mara zote tatu Edvina hakujibu.

Kosa lenyewe ndilo hilo, usitafute jingine. Hakuiba ndizi ya mtu, hakuhamisha mpaka, hakumtukana mzee. Jumatatu asubuhi shemeji yake huyo alipita njia inayokata kibanja chake cha migomba kwenda barabarani, akamkuta amekaa kwenye ukingo wa saruji wa kaburi la marehemu mumewe, macho amefumba, mikono juu ya mapaja. Akamwamkia kwa Kihaya, "Bwaicha ota, Mama Elieth?" Kimya. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Mara ya tatu akagonga fimbo chini hata kuku wakatawanyika, na mwanamke yule akaendelea kuvuta pumzi zake taratibu, kana kwamba aliyesimama mbele yake ni mgomba.

Wewe mgeni utasema, ah, salamu tu? Salamu tu! Huku kwetu Muleba mtu akikunyima maji unaweza kumsamehe, lakini akikunyima salamu amekutangazia vita. Asiyejibu salamu ama ni mchawi, ama ana wazimu, ama amekudharau. Karugendo, kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa ukoo, hakuona sababu ya kuchagua moja, akayachukua yote matatu. Kufika saa nne habari ilikuwa imeshafika sokoni: mjane wa Clavery anaongea na mizimu kaburini.

Mizimu! Laiti wangejua kwamba mama wa watu alikuwa anahesabu.

Mambo yalianza mwezi wa sita, kichwa kilipomgonga wiki nzima mfululizo, usiku na mchana, mpaka binti yake Elieth, anayefundisha shule Bukoba mjini, akaja kumchukua na kumpeleka kliniki. Huko kulikuwa na nesi anaitwa Mwamvita, mwanamke mwembamba wa mtandio mweupe, asiye na haraka na mtu. Alimpima presha mara mbili, maana mara ya kwanza hakuiamini mashine. Mia tisini na tano juu ya mia moja na kumi na tano.

"Mama Elieth, nyumbani yuko aliyewahi kuanguka kwa presha?"

"Mume wangu," Edvina alisema. "Alianguka kikaoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka minne nyuma, Clavery alikuwa akibishana na kaka yake mbele ya ukoo juu ya mibuni sita iliyo mpakani. Karugendo akasema neno, Clavery akainuka kujibu, akajibu nusu. Nusu nyingine hakuna aliyeisikia. Siku ya tatu walimzika nyuma ya nyumba.

Mwamvita akamwandikia dawa, kidonge kimoja kila asubuhi bila kukosa hata akijisikia mzima kama chuma. Akamkataza chumvi ya kumwagia mezani. Kisha akasema kitu ambacho Edvina hakuwahi kukisikia kwa mtu wa hospitali: kila siku akae dakika kumi bila kufanya chochote.

"Bila hata kumenya ndizi?"

"Bila hata kumenya ndizi. Wasomi wanaita meditesheni. Mimi naita kutulia. Fumba macho, vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita. Mawazo yakija, usigombane nayo. Yaache yapite, wewe rudi kwenye hesabu. Na ukishaanza usikatishe, hata akikuita nani."

Edvina alimtazama mtandio, akaona bora aulize. "Nesi, usinielewe vibaya. Mimi Mkatoliki. Isije ikawa ni sala yenu."

Mwamvita alicheka mpaka akashika meza. "Kupumua hakuna dini, mama. Wote tunavuta upepo wa ziwa hilihili. Kama moyo wako unataka kumtaja Mungu, mtaje wa kwako."

Mara ya kwanza hakumaliza dakika moja. Alifumba macho, akaona mbuzi ameingia kwenye maharage. Akahesabu, akaona migomba iliyopata mnyauko. Akahesabu tena, akamwona Karugendo na fimbo yake, na damu ikampanda kichwani. Akafumbua macho. "Nesi, hii kazi ni ngumu kuliko kulima."

"Ndiyo maana wengi wanakwenda kulima," Mwamvita akasema. "Anza upya."

Na kuanza upya Edvina aliweza, maana ubishi alijaliwa. Mwanamke huyu kijijini walimwita Pilipili. Msemo wake ulikuwa dawa ya moto ni moto, na hakuna aliyewahi kumrushia neno asirudishiwe matatu. Sasa ubishi uleule akaugeuzia pumzi zake. Akahesabu kwa Kihaya, maana kuhesabu kwa Kiswahili kulimkumbusha viboko vya shule. Alikaa kwa Elieth wiki tatu, na kila siku akatulia dakika zake kumi. Aliporudi kijijini akatafuta mahali pa kukaa, na hakuna palipomtuliza kama ukingo wa kaburi la Clavery, chini ya kivuli cha migomba, asubuhi baada ya kumeza kidonge. Kliniki ya mwisho, mashine ilisoma mia arobaini na nane juu ya tisini. Kichwa kilikuwa kimeacha kugonga. Mwamvita akamwambia: kidonge na dakika kumi, ukiacha kimojawapo kile kilichompata mumeo kinakungoja mlangoni.

Basi Jumatano ujumbe ukaja. Jumapili baada ya misa ukoo utakaa nyumbani kwa Edvina. Atoe kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kwa kumdharau mzee, apige magoti mbele ya Karugendo amwamkie kwa adabu, na aape kwamba hatakaa tena kaburini akiwa amefumba macho.

Elieth alifika Jumamosi, uso umemsawajika.

"Mama, toa tu hiyo pombe yaishe."

"Pombe nitatoa, hata vibuyu viwili. Magoti pia nitapiga, ni shemeji yangu mkubwa, nimempigia miaka thelathini. Kuapa siapi."

"Si ukakae chumbani? Nani atakuona?"

"Mawe, mama yangu! Nijifiche ndani ya nyumba yangu kama mwizi? Leo nikiingia chumbani kwa kumwogopa Karugendo, kesho nitakaa chumbani nikimwaza Karugendo. Hapo nimetulia nini?"

"Baba mkubwa anasema watu wanaongea."

"Waongee. Midomo ni yao, mishipa ni yangu."

Elieth akaanza kulia. Edvina akamvuta karibu, akamwambia ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu: kwamba anaogopa. Tangu Clavery aanguke, kila kichwa kilipomgonga alidhani ndiyo siku. Zile dakika kumi ndizo pekee katika saa ishirini na nne ambazo haogopi kufa. "Ndizo wanazotaka niwape," akasema. "Sitoi."

Jumapili wakaja. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sebuleni tangu asubuhi, harufu yake imejaa nyumba nzima. Shangazi Kokuberwa, dada wa baba yao kina Karugendo, bibi wa miaka themanini na kitu, alipewa kiti cha karibu na dirisha. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazunguka. Kibuyu cha lubisi kikawekwa katikati. Edvina akapiga magoti, akamwamkia shemeji yake salamu nzima bila kuruka neno. Watu wakashusha pumzi. Wakadhani yamekwisha.

"Sasa apa," Karugendo akasema.

"Siapi, shemeji."

Karugendo alimjua mwanamke huyu. Alijua pa kumshika, maana miaka yote akishampandisha hasira humwacha apayuke, na akishapayuka ukoo mzima humlaumu mwanamke. Hasira hasara, na hasara yote huwa ya Edvina. Akatafuna kahawa yake polepole, akaimeza, akasema:

"Kiburi hikihiki ndicho kilichomuua ndugu yangu. Watu wanasema presha. Presha gani? Clavery aliuawa na mdomo wa mke wake."

Mungu wangu. Hata Elieth alishika kinywa.

Edvina alisikia damu ikipanda shingoni, ikapita masikioni, ikaanza kugonga palepale ilipokuwa ikigonga mwezi wa sita. Maneno yakamjia, tena si matatu, thelathini: mibuni sita, na nani aliyempandisha nani hasira siku ile, na nani aliyelia kwa sauti kuliko wote mazikoni huku macho yake yakipima shamba. Yote ya kweli. Yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaona watu wote wanamtazama mdomo, wanangoja. Clavery alisimama palepale, kwenye majani kama yale.

Akakaa chini. Akakunja miguu, akaweka mikono juu ya mapaja, akafumba macho mbele ya ukoo mzima.

"Mnaona!" Karugendo akaruka. "Anafanya tena! Mbele yenu!"

Nne. Sita.

"Mama Elieth! Nasema na wewe!"

Nne. Sita. Pikipiki ikapita barabarani. Mtu akakohoa. Karugendo akaita tena, akafoka, akamwita mchawi, akamwita mbuzi, na kila alichokisema kikaanguka kwenye majani, maana hapakuwa na wa kukiokota. Ugomvi wa mtu mmoja unachosha. Sauti yake ikaanza kukwaruza. Akageukia wengine, na kila aliyemtazama akageuzia macho kwenye kikapu cha kahawa.

"Karugendo," Shangazi Kokuberwa akasema, "kaa chini. Jasho linakutoka. Mwache mwenzako amalize."

Akakaa.

Wewe umewahi kuona ukoo mzima ukimngoja mwanamke mmoja apumue? Walingoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kile cha siku ile kilisikika mpaka uani, ambako majirani walikuwa wamesogea kusikiliza kelele wakakosa.

Edvina alipofumbua macho hakuinuka. Akasema kwa sauti ndogo, ikabidi hata waliokaa nyuma wainame kumsikia.

"Shemeji, ile Jumatatu nilikusikia. Mara zote tatu. Mimi si kiziwi wala sina mizimu. Nesi kanipa dawa mbili, moja ya kumeza na moja ya kukaa. Hii mliyoiona ndiyo ya kukaa. Ni dakika kumi. Mkija kabla yake nitawajibu, mkija baada yake nitawajibu na kahawa nitawapa. Katikati yake siwajibu. Sitamjibu mzee wa ukoo, sitamjibu padri, hata angepita askofu ningemwacha apite."

"Mtu hakai bila kujibu," Karugendo akasema, lakini chinichini, akijipangusa uso.

"Clavery alikuwa anajibu," Edvina akasema. "Kila neno lako alilijibu. Yuko pale nyuma ya nyumba. Nenda kamwamkie."

Karugendo alifungua mdomo, na wote waliokuwa pale waliona amekosa wa kumlaumu, kwa sababu siku ile miaka minne nyuma yeye ndiye aliyekuwa akimkabili ndugu yake, na neno alilolisema analikumbuka. Akashika fimbo yake. Macho yakamjaa machozi, naye akatazama dirishani ili yasionekane. Shangazi Kokuberwa akauvuta mrija wa lubisi, akanywa, akasema pombe imeiva vizuri, na kwa ukoo ule mwenye umri huo akishasema pombe imeiva, kikao kimefungwa.

Hakuapa. Wala hakuulizwa tena.

Jumatatu asubuhi Edvina alimeza kidonge, akaenda akakaa kwenye ukingo wa kaburi. Alikuwa kwenye dakika ya sita aliposikia fimbo ikija njiani, tak, tak, tak. Ikafika karibu naye ikasimama. Akasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema, "Bwai—" halafu akaimeza salamu.

Fimbo haikuondoka. Edvina alizisikia pumzi za shemeji yake, nzito, za haraka, za mtu mwenye presha asiyejijua. Alitamani kufumbua macho. Wallahi alitamani, kama ambavyo Mwamvita angesema. Hakufumbua. Alikuwa bado na dakika nne, na zilikuwa zake, akazimaliza zote.

Kisha akafumbua macho. Karugendo alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, uso wake umeelekea kaburini.

"Bwaicha ota, shemeji?" Edvina akasema.